Zuhura, zile tembe usiziweke kabatini

Mpendwa Zuhura,

Salamu kwanza, shoga yangu, kwako na kwa watoto, na mama mkwe umpe shikamoo yangu. Sisi hatujambo. Ujumbe wako nimeusikiliza mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimeketi, kwa sababu ulipofika pale pa zile tembe moyo ulinipasuka. Nilikupigia, hukupatikana. Basi naandika, na naomba usome haya yanayofuata kabla hujafanya jambo jingine lolote.

Tembe ulizopewa za kuua wadudu wa nafaka, zitoe ndani ya nyumba leo hii. Kopo lake usilifungue. Kwa ulivyozieleza, hizo ni fosfidi ya alumini. Zikikutana na unyevu wa hewani tu hutoa gesi iitwayo fosfini. Haina rangi, ni nzito kuliko hewa, na hupita chini ya mlango na kwenye nyufa za ukuta mpaka vyumba vya kulala. Wengine huisikia kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini pua usiitegemee, maana usiposikia harufu haina maana kwamba gesi haipo. Ikishaingia mwilini hakuna dawa ya kuitengua. Ni kitu cha maghala yanayofungwa kabisa, yanayoshughulikiwa na watu waliofunzwa, mahali ambapo hakuna anayelala. Watu wamekufa usingizini kwa tembe kama hizo zilizowekwa kwenye gunia la chumba cha pili. Usizitupe chooni wala majini, kwa sababu maji ndiyo yanayoziamsha. Ziweke nje, pakavu, mbali na watoto, kisha aliyekupa umrudishie kopo likiwa limefungwa vilevile.

Na dawa ya kupuliza pia, kabatini isiingie. Sumu uliyoipuliza kwenye rafu itaishia kwenye sahani, na fukusi aliye ndani ya punje haitamfikia hata tone.

Haya. Sasa nirudi kwenye lililokuliza.

Ulisema mama mkwe alifunua kopo la unga, akatazama, akafunika, asiseme neno. Najua kimya cha namna hiyo kinavyouma. Lakini Zuhura, wadudu wale hawakuletwa na uchafu wako. Kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri ya kale, lilipofunguliwa mwaka 1922, ndani ya vyombo vilivyozikwa naye walikutwa vidudu hawahawa tunaowakuta makabatini, waliokufa zaidi ya miaka 3000 iliyopita. Penye nafaka iliyowekwa, wapo. Mama mwenye jiko linalong'aa huwapata, na asiyefagia huwapata.

Ukimjua fukusi anavyoishi utaelewa kwa nini nasema hivyo. Jike lake lina mdomo mrefu, mwembamba, kama kimkonga. Hutoboa punje kwa mdomo huo, hutaga yai moja ndani ya kitundu, kisha hukiziba kwa ute unaokauka ukafanana na punje yenyewe. Ishike punje ile mkononi, igeuze, ilete juani: hutaona kitu. Buu huanguliwa humo, hula humo, na humo hugeuka pupa, yaani hutulia bila kula mpaka awe mdudu kamili. Siku unayomwona fukusi anatembea juu ya mchele, ujue utoto wake wote ameumaliza ndani ya punje moja. Kukiwa na joto, safari hiyo yote ni kama wiki 5. Kwa hiyo ukinunua mchele safi leo, ukaumimina koponi, ukafunika vizuri, na mwezi ujao ukakuta wadudu, hawakupenya kifuniko chako. Walikuja na mchele.

Hilo ndilo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote: wengi wao huingia mlangoni mwako ndani ya chakula chenyewe. Chakula kipya kisikutane na cha zamani kabla hujakishughulikia.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Kwa miaka nilikuwa na ndoo moja kubwa ya mchele. Kila nikinunua, nilimimina mpya juu ya wa zamani, na niliona huo ndio uangalifu, kwamba wa chini unabaki kuwa akiba. Ule wa chini haukuwahi kwisha hata siku moja. Ulikaa pale ukilea fukusi, na kila mwezi niliwaletea chakula kingine. Siku niliyoitoa ndoo nzima nje na kuimwaga juu ya mkeka, chini kabisa kulikuwa na unga wa kijivu tu, maganda ya punje na wadudu wanaokimbia kila upande. Nilisimama nikiangalia chakula cha watoto wangu kimegeuka vumbi. Tangu hapo sijamimina kipya juu ya cha zamani, na sitamimina.

Kutokana na ulivyonieleza, wewe una maadui watatu kwa wakati mmoja, na tabia zao hazifanani.

Wale wekundu wembamba kwenye unga huitwa mende wa unga, si mende wale wakubwa wa jikoni. Hawawezi kuanza na punje nzima iliyo imara. Wanapenda unga, punje zilizovunjika na vumbi la chini ya kopo. Mayai yao yananata, yanashikwa na unga, ndiyo maana kuchekecha peke yake hakukusaidii: mende wanabaki juu ya chekeche, mengi ya mayai yanapita na unga, na baada ya wiki chache unaanza upya. Mende mmoja anaweza kuishi zaidi ya mwaka. Wakizidi hutoa kemikali zinazoufanya unga uwe na harufu kali na rangi ya waridi iliyofifia. Unga uliofika hapo utupe, usiuhurumie. Ulisema wako unanuka, basi jibu unalo.

Zile nyuzi kama tandabui kwenye pembe za mfuko wa karanga ni kazi ya viwavi vya nondo wa nafaka. Nondo mwenyewe unayemwona akiruka jikoni jioni hali chochote, kazi yake ni kutaga. Wanaokula ni viwavi. Na kiwavi akishiba huondoka kwenye chakula, hutambaa ukutani mpaka kwenye pembe ya dari au nyuma ya saa ya ukutani, ajifungie kifukofuko chake huko. Watu wengi husafisha kabati wakasahau dari, kisha wanashangaa nondo wametoka wapi tena. Panda kiti, angalia juu, angalia nyuma ya picha, angalia sehemu ya chini ya kila rafu, ile usiyoiona ukiwa umesimama.

Na maharage yenye vitundu vya duara kama vilivyotobolewa kwa sindano nene, hao ni fukusi wa maharage, bungua. Chukua punje kadhaa uzitazame kwa makini. Aina mojawapo, ile inayopenda zaidi kunde, hugandisha mayai juu ya ganda, utayaona kama nukta nyeupe zilizobandikwa. Na kabla mdudu hajatoka, huacha utando mwembamba wa ganda mahali atakapotokea, kama kidirisha cha duara. Punje yenye kidirisha hicho ina mtu ndani. Wakubwa wa aina hii hawali maharage kabisa, wanaishi wiki moja au mbili tu, lakini kabla ya kufa wanakuwa wameshataga kwenye punje nyingine. Wanaweza kuanzia shambani, maganda yakiwa bado juu ya mmea.

Sasa kazi ya leo. Toa kila kitu kabatini, hata vile vilivyofungwa ambavyo unaona haviwezi kuwa na shida. Mara nyingi chimbuko ni kitu kimoja kilichosahaulika nyuma kabisa: pakiti ya viungo iliyofunguliwa mwaka juzi, chakula cha ndege, tambi zilizobaki nusu, mbegu ulizoweka za kupanda. Usiache kutafuta mpaka umekipata. Vya kutupa vifunge kwenye mfuko, fundo la kweli, na vitoke nje ya nyumba leoleo. Ukiviacha kwenye ndoo ya taka jikoni mpaka asubuhi, umewahamisha tu. Kisha nyufa. Chukua ncha ya kisu au sindano ndefu ukwangue maungio ya rafu na vitundu vya misumari, maana kijiko kimoja cha unga uliosongamana humo kinatosha kulea kizazi. Ukiwa na mashine ya kufyonza vumbi, itumie, kisha mfuko wake uumwage nje. Futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kilichokamuliwa sana, usimwage maji, na uache milango ya kabati wazi mpaka pakauke kabisa. Unyevu ni rafiki yao.

Nini cha kuokoa? Mchele wenye fukusi wachache unaliwa. Pepeta, chagua, osha, wanaelea. Mtu akimla fukusi bila kujua hadhuriki, na hilo mwambie mama mkwe kama ana wasiwasi. Lakini nafaka au karanga zilizoota ukungu au zenye harufu ya uvundo hiyo ni habari nyingine. Wadudu wanapopumua kwa wingi hutoa joto na unyevu, punje walizotoboa zinakuwa wazi, na kuvu hupata pa kuingilia. Baadhi ya kuvu hizo hutoa sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kupika. Hapo usichambue ukabakisha nzuri. Tupa zote, na kuku pia usiwape.

Kuhusu vinavyoingia kuanzia sasa, nitakueleza ninavyofanya. Kila nafaka mpya ikifika haigusi kabati. Inaingia kwanza kwenye friza, ndani ya mfuko uliofungwa, nyuzi 18 chini ya sifuri, siku 4 kwa kiasi kidogo. Unga, au mfuko mkubwa, naupa wiki nzima, kwa sababu baridi inachelewa kufika katikati. Baridi hiyo inaua yai, buu, pupa na mkubwa, wote. Kisha jambo ambalo watu huliharibu: ukitoa, usifungue. Uache mfuko umefungwa mpaka upate joto la chumba, vinginevyo chakula baridi kinavuta maji ya hewani, unaondoa wadudu na kukaribisha ukungu.

Najua friza yenu ni ndogo na imejaa. Basi tumia joto. Tandaza maharage kwenye sinia, yasizidi kina cha vidole viwili, yaingie kwenye oveni yenye nyuzi 60, na yakishapata joto hilo mpaka katikati yahesabie saa moja. Au litumie jua, lakini si lile la kuanika tu, ambalo huwafukuza wakubwa na kuwaacha walio ndani ya punje wakiendelea kula. Tandaza plastiki nyeusi chini, juu yake maharage kwa tabaka jembamba, kisha funika kwa plastiki nyangavu inayopitisha mwanga na ugandamize kingo kwa mawe. Siku ya jua kali bila mawingu, humo ndani joto hupita nyuzi 57, na saa moja ya joto hilo humaliza fukusi wa kunde katika umri wake wowote. Mimi huacha saa nyingi zaidi kwa usalama. Ila maharage ya mbegu usiyapitishe kwenye joto hili wala lile la oveni, yasije yakakataa kuota.

Kabla ya kuhifadhi, hakikisha ni kavu kweli. Weka punje kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa kwa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikigandamana na kioo, bado kuna unyevu mwingi, rudisha juani. Ikianguka yote chini, hifadhi. Ni jaribio dogo sana na limeniokolea chakula kingi.

Vyombo sasa. Mifuko ya plastiki tuliyozoea haiwazuii. Viwavi vya nondo hutoboa, na wapo vidudu wengine bapa mno, wanaopita kwenye nafasi ambayo jicho halioni. Chupa za kioo zenye mpira kwenye kifuniko ndizo ninazoziamini. Ndoo nzito za plastiki zenye mpira zinafaa pia. Kifuniko cha kuzungusha kisicho na mpira usikitegemee, kwa sababu kiwavi aliyetoka tu kwenye yai ni mwembamba kiasi cha kufuata mizunguko ile mpaka ndani. Na chukua vyombo vidogo vingi badala ya kimoja kikubwa. Kimoja kikipata shida umepoteza kimoja. Jaza mpaka juu, usiache hewa nyingi.

Hapa pa hewa ndipo penye jambo ninalolipenda kuliko yote katika habari hizi. Mdudu anayeishi ndani ya punje kavu hana maji ya kunywa. Maji anayoyahitaji, mengi anayatengeneza mwilini mwake mwenyewe anapokitumia chakula pamoja na oksijeni. Ukikifunga chombo hewa isipite kabisa, wadudu waliomo huipunguza oksijeni kwa kupumua kwao wenyewe. Ikishuka sana wanaacha kula, wanaacha kutaga, na hatimaye wanakauka kwa kiu. Hakuna tone la sumu lililotumika. Ndiyo siri ya ile mifuko ya wakulima yenye matabaka matatu, miwili ya plastiki ndani na mmoja wa nje wa kusukwa, iliyotokana na kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani walioanza nchini Cameroon kwa ajili ya kunde. Lakini inataka uvumilivu: ukifungua kila siku kuchota, unawarudishia pumzi. Gawa. Chombo cha kula wiki hii kiwe chake, na vya akiba visiguswe.

Umeniuliza habari za karafuu, pilipili kavu na majani yenye harufu. Nimezijaribu zote. Harufu huenda ikamsumbua mdudu anayetafuta pa kuingia, lakini aliye ndani ya punje hana habari nayo, na harufu hufifia mapema. Ukipenda weka, ila usiache kufunga chombo kwa sababu umeweka. Majivu makavu yaliyochekechwa yana kazi ya kweli, hasa kwa mbegu, kwa kuwa hujaza nafasi kati ya punje na kuwakwaruza wadudu ile nta inayowazuia kukauka. Mafuta kidogo ya kupikia, kama kijiko kimoja cha chai kwa kilo, yakipakwa kunde kila punje, huzuia mayai yasiangue. Hayo nayatunza kwa zile tutakazopika mapema, maana mafuta huchacha.

Na kwa maharage kuna njia moja ya bure kabisa. Aina ya bungua anayependa maharage ya kawaida hagandishi mayai, huyaacha tu katikati ya punje. Buu akianguliwa lazima atoboe ganda aingie, na kutoboa huko kunamchukua muda mrefu, huku amejikaza kati ya punje mbili ili apate nguvu ya kusukuma. Ukiligeuza gunia au ukaliviringisha asubuhi na jioni, punje zinahama, anapoteza pa kujikaza na kitundu alichoanza, anaanza upya, anachoka, anakufa. Watoto wako wataifurahia kazi hiyo, wape. Kwa kunde haisaidii hivyo, kwa sababu yai limegandishwa na buu hutoboa moja kwa moja kutoka chini ya yai lake.

Nina ombi moja. Chukua chupa moja ya kioo nyangavu, uitie maharage uliyokwisha kuyapitisha kwenye joto, uijaze mpaka shingoni, uifunge, uandike tarehe, uiweke mahali mama mkwe anapopita kila siku, ila pasiwe na jua. Usiifungue. Wiki 6 zikipita, itazame kwenye mwanga: angalia kama chini pana vumbi jeupe, angalia kama ganda lolote lina kitundu. Kisha unipigie uniambie ulichokiona. Na leo usiku, kabla hujalala, nitumie neno moja tu kwamba zile tembe zimetoka ndani. Simu yangu nitaiacha wazi.

Ni mimi rafiki yako akupendaye,
Mwanaidi